Walikula nusu mkate, Ajenda ya Nne ikabaki mezani



Wewe uliye Siongiroi huhitaji kuhadithiwa mbali. Nenda Sotik, sogea kidogo hadi mpaka wa Borabu. Mapema 2008 Wakipsigis na Wakisii walichomeana nyumba pale, watu wanaokutana kila siku sokoni. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakakimbia makwao.

Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, Kibaki na Raila wakatia saini. Wengi walishukuru, wengine wakanuna. Huku wakasema tumeibiwa, kule wakasema tumegawa ushindi wetu. Mtaani ikaitwa serikali ya nusu mkate, na utani huo ukafanya watu wasahau kwamba mazungumzo yale yalikuwa na ajenda nne. Kusimamisha fujo, kusaidia waliohama, kugawana madaraka: hizo zilianza haraka, hasa ya tatu (hapo wakubwa hawakulala!). Ya nne ndiyo ilikuwa yako: ardhi, kazi kwa vijana, usawa, na haki kwa waliodhulumiwa.

Tuseme ukweli, kuna kilichopatikana. Katiba ya 2010 ilitoka humo, na Mahakama ya Kadhi ikabaki ndani, kifungu cha 170, pamoja na kelele zote zile.

Lakini ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iko wapi? Rais Uhuru alikabidhiwa Mei 2013. Ndani yake kuna Wagalla, Wajir, Februari 1984. Serikali ilikuwa imesema waliokufa ni 57. Tume ikasema huenda wakakaribia 1,000. Na ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna Wakipsigis na Watalai walionyang'anywa ardhi na mkoloni, ardhi ambayo leo ni mashamba ya majani chai Kericho. Umeona? Jirani yako asiyeswali msikitini kwako na ndugu yako wa Wajir wako kwenye faili moja. Machi 2015 Rais akaomba radhi na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Miaka ikapita, Bunge halikuipitisha ripoti, na wazee wanazikwa wakingoja.

Sisi tunajua maana ya masharti machungu. Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, maswahaba waliumia kuambiwa warudi bila kufanya umra. Abu Jandal akaja na minyororo yake mkataba ukiandikwa, na bado Mtume (s.a.w.) akalishika sharti, akarudishwa. Makureshi ndio waliovunja, walipowasaidia Banu Bakr dhidi ya Khuzaa. Hakuna aliyewaambia Khuzaa wanyamaze eti wasiharibu amani.

Basi na wewe usinyamazishwe na lile neno la "yaliyopita si ndwele". Mbunge wa Chepalungu akija baraza, muulize mbele ya watu: ripoti ya tume utaisukuma lini Bungeni? Usiende peke yako. Waislamu hapo ni wachache, wanaweza kukupuuza. Nenda na yule kijana Mkipsigis ambaye babu yake alihamishwa. Rekodi jibu kwa simu, utume hapa kwetu.