Sabufa yako haiimbi, inagonga ukuta

Najua nimepotea wiki mbili hizi, tesiti zimeandamana na kazi za makundi ndio usiseme. Leo nimerudi na jambo moja lililonikaa rohoni, na najua nitatukanwa. Poa tu. Nitukaneni, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni sabufa.

Hapa Malimbe bumu likitoka tu, jioni yake unaona bodaboda zinapanda kutoka mjini na maboksi. Godoro, ndoo, jiko la gesi, sabufa. Namjua mmoja alinunua sabufa kabla ya godoro, akalala juu ya boksi lake wiki nzima na muziki unapiga. Geto bila sabufa si geto, ndivyo tunavyoambiana tangu mwaka wa kwanza, na ukiwa huna, wageni wako wanaishia mlangoni.

Angalia hata jina lilivyotupoteza. Sabufa kwa maana yake ni boksi moja tu, lile la besi, kazi yake ni kusaidia spika nyingine pale zinaposhindwa kushuka chini. Sisi tumelichukua jina la msaidizi tukaipa seti nzima. Ukienda dukani ukasema "nataka sabufa" unapewa boksi kubwa lenye taa za disko, na pembeni vispika viwili vyepesi kama makopo ya maziwa. Hela yote imeingia kwenye boksi. Vile viwili vimewekwa ili picha ikamilike. Halafu tunashangaa kwa nini kila wimbo unasikika sawa.

Mimi nilikuwa mmoja wenu, tena sugu. Yangu niliinunua laki moja na ishirini, mbele imeandikwa wati elfu kumi za PMPO. Elfu kumi! Siku moja nikaigeuza nyuma kusafisha vumbi, nikaona kibandiko kidogo kinasema inakula umeme wati 60. Jamani, kitu kinachovuta wati 60 ukutani kitatoaje elfu kumi kwenye spika? Zile elfu kumi ni za kwenye karatasi tu, hesabu ya kupamba boksi. Ukitaka ukweli geuza nyuma, huko mbele ni matangazo.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Mimi nasema hivi: besi nzuri inaanzia kwenye spika ndogo. Najua inasikika kama kichaa, lakini nifuateni taratibu.

Juni mwaka jana nilipanda daladala ya Kisesa nikaenda Bujora kwenye sherehe za Bulabo. Kama hujawahi kwenda na unakaa Mwanza, aibu yako. Pale nilisimama hatua chache kutoka kwenye ngoma ya Kisukuma, ngoma kubwa, hakuna waya wala TANESCO. Unasikia fimbo inagusa ngozi, ta! Halafu mlio mzito unakuja kifuani, halafu unakata. Kimya. Halafu ta! nyingine. Nilirudi geto usiku ule nikaweka muziki wa ngoma kwenye sabufa yangu, nikasikia "buuuuu" moja ndefu isiyo na mwanzo wala mwisho. Ile "ta" haikuwepo kabisa. Fimbo imepotea, ngozi imepotea, imebaki pipa linaviringika.

Sababu ni kwamba ile "ta" si besi. Ni sauti ya juu, inatoka kwenye spika ndogo. Boksi kubwa linatoa uzito tu. Kwa hiyo spika ndogo zikiwa makopo, ngoma inakuja nusu, na wewe unaongeza kitufe cha besi ukidhani ndicho kinachopungua.

Tena kuna baya zaidi. Vispika vile vya inchi tatu haviwezi kushuka, vikifika mitetemo 150 hivi kwa sekunde vinaishiwa pumzi. Basi boksi linalazimika kupanda juu kuvipokea. Sauti ya mwanaume akiongea kawaida inaanzia kwenye mitetemo kama 100. Maana yake nusu ya sauti ya mtu inatoka usawa wa mdomo, nusu inatoka chini ya meza! Mnabisha? Wekeni taarifa ya habari ya Radio Free Africa, hao hao wa hapa hapa Mwanza. Zima vispika vidogo, sikiliza boksi peke yake. Ukimsikia msomaji anaguna mle ndani kama amefungiwa kwenye pipa, basi seti yako imekosewa. Boksi la besi likiwa peke yake halitakiwi kuongea. Linatakiwa lianze kazi kwenye mitetemo 80 hivi kushuka chini, hapo sikio haliwezi kusema sauti imetoka kona gani. Ukigundua sabufa ilipo kwa kusikiliza tu, hapo kuna kosa.

Marijani Rajab nilimsikiliza mwaka mzima kwenye kile kidude. Nilikuwa naamini muziki wa dansi wa zamani ulirekodiwa vibaya. Kumbe.

Halafu kuna chumba chenyewe. Vyumba vyetu karibu vyote ni futi kumi kwa kumi. Fanya hesabu, wale wa sayansi mtanisahihisha. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, chumba kina mita tatu na ushee, kwa hiyo kuna sauti moja, mitetemo kama 56 kwa sekunde, ambayo ikipigwa inagonga ukuta huu na ule na kujiongezea yenyewe. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinaimba sauti ile ile moja. Gitaa la besi uzi wa La ukipigwa wazi ni mitetemo 55. Umeona sasa? Kila mpigaji akigusa ile nota chumba kinanguruma, akihamia nota nyingine besi inapotea. Mtu anapiga mstari mzuri unaopanda na kushuka, wewe unasikia nota moja inaingia na kutoka. Halafu unaenda kuchukua boksi kubwa zaidi. Utaongeza nota ile ile moja, ndugu yangu.

Na wapi tunaliweka? Kwenye kona. Kila mtu kona, kwa sababu kona inazidisha besi bila gharama. Inazidisha kweli, tena ile ile mbovu.

Haya, sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa ya vyumba sita kwa mstari, na ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Juu mmefunika silingibodi tu. Chumba cha pili alikaa dada mmoja wa mwaka wa tatu, mpole, salamu zake ni "kaka shikamoo" ya utani kila asubuhi. Kipindi cha UE akaja kunigongea, saa tano usiku. Akasema, "Kaka, samahani, naomba upunguze kidogo, kesho nina pepa." Nikapunguza. Nilipunguza kweli, namuapia Mungu, mpaka mimi mwenyewe maneno ya wimbo siyasikii vizuri. Kesho yake usiku akagonga tena. Nikakasirika. Nikamwambia dada, mbona nimeshapunguza, unataka nizime kabisa? Kwani hii nyumba ya watawa? Akasema tu "basi kaka, hamna shida," akaondoka. Hakugonga tena.

Alipata sapu ya somo moja. Siwezi kusema ni mimi. Siwezi pia kusema si mimi.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki, na ndio maana nimekaa chini kuandika. Ukuta unazuia sauti nyembamba, sauti nzito unaiachia ipite. Kadiri inavyokuwa nzito ndivyo ukuta unavyozidi kushindwa. Kwa hiyo nilipopunguza, mimi nilipoteza maneno, yeye hakupoteza kitu. Hakuwahi kusikia maneno hata siku moja! Yeye alikuwa anasikia lile "du, du, du" tu kwenye mto wake, na mabati yakitetemeka juu. Mimi nasikiliza wimbo, mwenzangu anasikiliza maumivu ya kichwa, na wote tunaamini tunaongelea kitu kimoja.

NEMC wana kanuni zao za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Sawa, lakini nani atawaita NEMC kwa ajili ya geto la Malimbe?

Kuna mshikaji nilibishana naye juzi pale kwa mama ntilie, akaniambia "wewe umezeeka, besi ndio muziki, na usiku ukisikiliza kwa sauti ndogo bila besi muziki unakuwa kama wa simu." Hapo mwisho ana pointi na sitamnyima. Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linaanza kupoteza besi kabla ya vingine. Ndio maana kuongeza kidogo usiku kunaleta raha. Kidogo! Lakini huyo huyo mshikaji kitufe chake kipo mwisho saa nane mchana na saa nane usiku, hakijawahi kurudi nyuma tangu kitoke dukani. Na ziwa lilivyo karibu, usiku hewa ya juu ya maji ikipoa sauti inainama na kusafiri mbali. Kaeni ufukweni Luchelele usiku wa giza, mtawasikia wavuvi wa dagaa wakipiga stori kwenye taa zao kama wako hatua kumi. Sasa fikirieni wao wanatusikia vipi sisi.

Mimi nilifanyaje? Sabufa niliiuza kwa mtu wa Mkolani (nisamehe ndugu, wakati ule sikuwa najua). Nikaenda Mlango Mmoja, nikazunguka siku mbili, nikapata spika mbili za zamani za mbao, zile za kuweka kwenye rafu, urefu kama daftari kubwa mbili, kila moja ina spika ya inchi tano na kidogo ya juu. Elfu arobaini zote mbili. Fundi mmoja wa Makoroboi akaniuzia amplifaya ya mtumba na kunibadilishia waya. Wengine walicheka, vidude gani hivyo. Lakini BBC kwenye miaka ya 1970 walijitengenezea spika ya aina hiyo hiyo, LS3/5A, haizidi sana sentimita 30 kwenda juu, ya kuweka ndani ya magari ya kurushia matangazo, kwa sababu walitaka kusikia sauti ya mtu ilivyo. Besi yake haishuki sana, na mpaka leo watu wanaitafuta.

Nikaziweka usawa wa masikio, zimeachana, mimi nimekaa katikati kama pembe ya tatu. Siku ya kwanza sauti ya katikati ilikuwa haipo, imeyeyuka, besi nayo sifuri. Nikataka kulia. Kumbe spika moja nilichanganya waya mwekundu na mweusi, zinavutana badala ya kusukuma pamoja. Nikageuza. Jamani! Solo kushoto, ridhimu kulia, Marijani mwenyewe katikati ya ukuta.

Boksi la besi nimekuja kuliongeza miezi minne baadaye, dogo, na si kwenye kona. Kulipatia mahali nililiweka kwenye kiti ninachokaa, nikapiga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, mimi nikatambaa chumba kizima kwa magoti nikisikiliza ni wapi nota zote zinalingana. Mama mwenye nyumba akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini?" Palipolingana ndipo nikaliweka, kando ya kabati, nikalipandishia juu ya kipande cha sponji ya godoro. Nikalipandisha mpaka nikalisikia, halafu nikalirudisha nyuma mpaka nikalisahau. Ukilizima ndio unajua lilikuwepo.

Mwenye sabufa ya kawaida asiitupe. Itoe konani, rudisha kitufe cha besi chini ya nusu, vile viwili viinue kutoka sakafuni, na ikifika saa nne usiku zima boksi lote, bakisha vidogo.

Yule dada alirudi mwezi uliopita kuchukua cheti chake, akapita kutusalimia. Nikamwekea ule wimbo niliokuwa naupiga kila usiku kipindi kile. Akasikiliza mpaka kiitikio, akaniangalia, akasema, "Kumbe ulikuwa na maneno?"

Jumamosi nipo geto kuanzia saa tisa. Anayebisha aje na wimbo wake na sabufa yake tuziweke pamoja. Maji ya kunywa yapo, chapati mje nazo.