Kasi ya MRI isizidi ukweli wa picha

Mgonjwa wa Songea anayepewa rufaa ya kupimwa MRI Muhimbili husafiri zaidi ya kilomita 900. Baada ya safari hiyo na foleni, anastahili picha inayosema kweli.

Kipimo cha haraka kina manufaa. Foleni hupungua, na mwenye maumivu halazimiki kutulia kwa muda mrefu. Lakini muda ukikatwa kwa nusu, ubora wa mawimbi dhidi ya chenga za picha hushuka kwa karibu asilimia 30. Kuuongeza mara mbili kwahitaji muda mara nne.

Ndiyo maana watengenezaji wamegeukia programu za kompyuta zinazofundishwa kwa picha nyingi kuondoa chenga. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulibaini kuwa baadhi yake zaweza kupoteza alama ndogo, kama uvimbe, au kuchora kisichokuwepo.

Mwaka 2022, huko Mbarara, Uganda, iliunganishwa mashine ya sumaku dhaifu, takriban mara 30 chini ya ile ya kawaida ya tesla 1.5, ikiwalenga watoto wenye vichwa maji. Picha zake si maridadi, bali kuona maji kichwani hakuhitaji kuona kila mshipa.

Hivyo wanunuzi wa mashine wasiulize dakika pekee. Waulize pia ni nini kinafutwa pamoja na chenga, na kama daktari ataweza kuiona picha ya awali. Chenga humtahadharisha daktari. Picha safi yenye kosa humpotosha.