Koneksheni gani?

Katika hoteli moja ndogo pale Kedowa, kando ya barabara ya Kericho, mzee wa rika la Korongoro aliweka kikombe chake mezani akaniambia neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu nimalize chuo. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nje akina mama walikuwa wakipanga viazi kwenye ndoo, wakingoja magari yanayotoka upande wa Mau Summit. Mzee alikuwa ameiona kadi ya mchango mfukoni mwangu, ile tuliyoichapisha kwa ajili ya karo ya msichana mmoja wa hapo juu.

"Kijana wangu," akasema, "hivi vyama vyenu vya waliosoma pamoja ni koneksheni tu. Mnashikana ili mpeane kazi. Sisi tusiomjua mtu tutabaki hapa na viazi vyetu."

Sikumjibu. Yeye ni mzee, na chai ilikuwa yake. Lakini kabla hatujainuka akaingia mzee mwingine aliyekuwa safarini kwenda Litein. Wakasalimiana chamgei, wakaulizana mawili matatu, wakagundua ni wa ibinda moja, yaani rika moja. Mzee wangu akamwagizia chai na chapati mbili mtu ambaye dakika tano nyuma hakumjua hata jina. Hakuna mezani aliyeiita hiyo koneksheni.

Maneno ya mzee hayakutoka hewani. Shule ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926, na Kenya ilipojitawala mwaka 1963 wengi waliokaa katika baraza la kwanza la mawaziri walikuwa wamepitia madarasa yake. Huko Marekani mambo ni hayo hayo, tena kwa kiwango cha kuchekesha. Chuo Kikuu cha Yale kina chama cha siri kiitwacho Skull and Bones, kilichoanzishwa mwaka 1832, na katika uchaguzi wa urais wa 2004 George W. Bush na John Kerry wote wawili walikuwa wanachama wake. Nchi nzima iliambiwa ichague, na pande zote mbili za karatasi alikuwapo mtoto wa nyumba moja. Mwenye kuona hayo akisema undugu wa chuoni ni ngazi ya kupandia, utamlaumu kwa lipi?

Mimi namlaumu kwa jambo moja: anawahesabu waliofika tu. Chukua hao hao wa Alliance. Walipokuwa wakisoma wao, shule za sekondari za Waafrika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Serikali mpya ilipotafuta watu waliosoma, ingewatoa wapi kwingine? Walichokuwa nacho wale vijana ni elimu ambayo wengine walinyimwa, na kuketi dawati moja hakukuongeza mengi juu ya hilo. Uhaba ulifanya kazi, sifa ikapewa urafiki. Na kwa kila aliyekuwa waziri walikuwapo wenzake darasani waliokwenda kufundisha na kukarani hadi wakastaafu, bila yeyote kuwapigia simu kutoka Ikulu.

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Nilifika chuoni mwaka 2005 na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba na barua ya kuitwa. Karo ya masomo kwa sisi wa serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB ulikuwa haujaingia. Vitanda vilikuwa vimekwisha. Kwa lugha ya chuoni nikawa "pairati", yaani haramia: mtu asiye na chumba anayelala kwa mwenye chumba bila msimamizi kujua. Miezi miwili nililala sakafuni, kati ya kitanda na kabati, kwa komredi wa mwaka wa tatu ambaye hatukuwa tumeonana kabla. Alichojua juu yangu ni kwamba natoka Kedowa. Yeye anatoka Chepseon. Usiku akienda msalani alinivuka kwa hatua ndefu, kama mtu anayevuka mtaro, na hata siku moja hakunikanyaga.

Chama chetu cha wanafunzi wa nyumbani hakikuwa na ofisi wala bendera. Kilikuwa na daftari la kurasa 96, jalada limelowa chai, lenye safu nne: jina, kiasi, tarehe, amerudisha. Deni dogo kabisa nililoliona humo lilikuwa shilingi 50, za kutoa fotokopi. Kubwa lilikuwa 3,000. Kila aliyemaliza masomo aliacha 500, tukaziita za mlango. Asiyerudisha hakutajwa mkutanoni. Aliitwa chemba na kuulizwa kuna nini nyumbani. Katika mwaka wangu wa pili mwenzetu mmoja alikuwa ameamua kudifa, aahirishe mwaka mzima, kwa sababu ng'ombe aliyetegemewa kuuzwa alikuwa amekufa. Walikwenda watatu chumbani kwake jioni, wakakaa kitandani bila kuongea sana, wakatoka saa nne usiku. Asubuhi alikuwa darasani. Leo ni mwalimu wa hesabu katika shule ya kutwa. Hana kazi ya kumpa mtu yeyote, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Hiyo ndiyo sura ya undugu wa chuoni ambayo koneksheni haiwezi kuieleza. Nikaja kuiona tena mbali sana na kwetu, niliposoma habari za vile vyama vya Marekani vyenye majina ya herufi za Kigiriki, ambavyo filamu zimetufundisha kuvidhania ni bia na kelele. Kimoja kinaitwa Alpha Phi Alpha. Kilianzishwa na vijana saba weusi katika Chuo Kikuu cha Cornell, tarehe 4 Desemba 1906. Wanachama wake mashuhuri ndio wanaokumbukwa: Martin Luther King, na Thurgood Marshall, yule wakili aliyekwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House kuandaa rasimu ya haki za raia. Kinachosahaulika ni kwa nini chama kilianza. Wanafunzi sita weusi waliokuwa Cornell mwaka wa masomo wa 1904-05 hawakurudi. Wale waliokuja baada yao, wapweke katika chuo cha wazungu, wakaanza kukutana, kusoma pamoja na kushikana ili wasije wakaondoka vilevile. Hakuna aliyekutana kutafuta jaji wala mchungaji wa kumtegemea. Walikutana kwa sababu ya viti sita vitupu.

Kipsigis wa Kedowa hahitaji Cornell kulielewa hili, maana ibinda lilimfundisha zamani. Huombi kuingia ibinda, wala hukataliwi. Unapita jandoni, unapewa jina la rika lako, na majina hayo huzunguka, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na mengine, mpaka baada ya kama karne moja jina lirudi kwa vijana wapya. Ukiuliza faida, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni katazo: huwezi kumwoa binti wa mwanarika mwenzako, kwa sababu ni binti yako pia. Sasa hiyo ni koneksheni gani, ambayo salamu yake ya kwanza ni kukuambia usichoweza kupata? Undugu wa namna hii umeshonwa kwa madai. Mtu anakuwa na haki ya kukugombeza, kulala sakafuni kwako, kukuletea kadi ya mchango siku ambayo huna kitu.

Lakini vyama vya Marekani na ibinda vinaachana pale pa kuingilia, na hapo nakubaliana na wanaovishuku. Vyama vile huchagua. Anayeomba huchunguzwa, hupewa majaribu, na majaribu yakikosa mtu mzima wa kuyasimamia yanaweza kuwa mauti. Februari 2017 kijana wa miaka 19 alikufa Penn State baada ya kunyweshwa pombe kupita kiasi usiku wa kupokea wanachama wapya, akaanguka ngazini, na saa nyingi zikapita kabla ya yeyote kuita msaada. Nigeria nako, kikundi cha wanafunzi saba kilichoanzishwa Ibadan mwaka 1952, Wole Soyinka akiwamo, kilikuwa cha vijana wenye mzaha waliojiita maharamia. Miongo ilivyopita vikazuka vikundi vingine vilivyoiga siri lakini si mzaha, na vyuo vya Nigeria vikazika watu. (Pairati wa Ibadan na pairati wa sakafuni kwetu ni ukoo mbalimbali kabisa, nashukuru.) Sisi wenyewe tusijifanye wasafi: kila aliyesoma shule ya bweni katika nchi hii anajua mono alivyopokewa kidato cha kwanza. Wala sisemi menjo, yaani nyumba ya jandoni, ilikuwa bustani ya maua. Nasema palikuwa na wazee waliowajibika kwa kila mvulana aliyeingia, na wazazi wake walijua ni nani wa kumuuliza.

Shutuma nzito zaidi ni ya ukabila, nayo haipunguzwi kwa mzaha. Novemba 1987 serikali ilikipiga marufuku chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, na kiongozi wake Wafula Buke akafungwa. Miaka iliyofuata vyama vya wilaya ndivyo vilivyostawi, na watu wa chama tawala walijua njia ya kuvifikia, kwa bahasha na kwa ahadi. Waliokuwapo wanasema kamukunji, mikutano ya wanafunzi, zilianza kuhesabiwa kwa makabila. Ni kweli. Lakini tazama mpangilio wa mambo: kwanza kiliuawa kile kikubwa kilichowakusanya wote, kisha vidogo vikafanywa mitaji ya kura. Mwenye kuvunja sufuria hana haki ya kulaumu vikombe kwa kutotosha ugali. Mimi chama cha nyumbani nakitambua hivi: nauliza kama kina mgombea au kina daftari. Chenye mgombea nakikimbia.

Na tena, nyumbani ni wapi? Kedowa, Londiani na Kipkelion zilikuwa ardhi ya walowezi; baada ya uhuru waliogawiwa na waliouziwa hawakuwa Wakipsigis peke yao. Wakikuyu walikuwapo, Wakisii pia. Chama cha wanafunzi wa sehemu hii, kikiwa cha kweli, hakiwezi kuwa cha kabila moja. Mweka hazina wetu, aliyelishika lile daftari miaka miwili kwa mwandiko wa mviringo usio na kosa, alikuwa msichana wa Kikuyu kutoka Londiani.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, sehemu zetu ziliwaka. Watu wa kwao msichana yule waliondoka usiku na kuhamia Nakuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu wiki ile. Wengine waliogopa, wengine waliona aibu, na mimi nilikuwa katika hao wa pili, jambo lisilonipa nafuu yoyote. Anayetaka kusema undugu wetu ulishindwa siku ulipohitajika, ameshika ushahidi mkononi, na ninampa mimi mwenyewe.

Mwaka 2010 daftari lilipohama mikono, mweka hazina mpya alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Akakuta chama kinadaiwa shilingi 1,850. Msichana yule alikuwa ametoa zake kukamilisha nauli ya gari la kwenda mazishini, akaandika kwa penseli, halafu dunia ikageuka. Tulibishana kama tumtumie au tuache, kwa kuwa pesa kidogo hivyo baada ya yale yote zingeweza kuonekana kama tusi. Mwishowe mmoja wetu akasema deni ni deni, tukamtumia kwa M-Pesa bila maneno. Zikapita siku tatu za kimya. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Futeni ile penseli, muandike kwa kalamu."

Alirudi kundini taratibu, kwanza kwa matanga, baadaye kwa harusi. Hatujawahi kukaa chini kuizungumza Januari ile kama ilivyostahili.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likaingia katikati ya wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja matatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Junction si mbali na Kedowa. Nusu yetu tuna dada, mama au shangazi anayeuza kitu pale. Kabla sijapata habari kamili, simu yangu ilianza kutikisika mfululizo. Mweka hazina wetu wa zamani, akiwa Nakuru, alikuwa ameandika majina yetu yote kwenye kundi la WhatsApp, moja chini ya jingine kama daftarini, na chini yake: "Kila mtu aseme yuko wapi, na watu wake."

Majibu yakaja. Niko Kericho, mama yuko salama. Niko kazini, namtafuta shemeji. Wawili walikuwa na msiba, na hao hatukuwaandikia chochote. Waliokuwa karibu waliwasha magari. Kufikia saa sita usiku kila jina lilikuwa na alama mbele yake, isipokuwa la yule mwalimu wa hesabu. Alipigiwa simu mara nyingi lakini haikupatikana. Jirani yake hakujua. Saa saba kasoro jina lake likawaka:

"Nipo. Simu ilikuwa imezima, stima zilipotea. Nani amefiwa, na natuma kwa nani?"