Tusiwaue Walinzi kwa Kudhani ni Wezi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo ni wa kweli, lakini ukishikwa bila busara humfanya mtu azichane nguo zake zote kwa kumtafuta kiroboto mmoja. Hilo ndilo lililotufika sisi wa chama kimoja cha wachuuzi wa samaki hapa Dunga, Kisumu, ambacho mimi ni katibu wake.

Kompyuta ya chama ilipoanza kujikokota, niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaifungua orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi, akanionyesha jina svchost.exe likijirudia zaidi ya mara kumi. "Mama, hivi vyote ni virusi," akaniambia. Alifuta kila kitu, akaiweka Windows upya na kudai ujira wake. Hesabu zetu za akiba na mikopo za miaka mitatu zikapotea. Wanawake waliodunduliza shilingi zao kwa jasho la omena walinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nami kosa langu nalikiri: sikuwa nimeweka nakala mahali pengine.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa svchost.exe ni faili halali ya Windows. Kazi yake ni kubeba huduma nyingi za mfumo, na kujirudia kwake katika orodha si ajabu hata kidogo.

Sisemi kwamba virusi havijifichi. Vipo vilivyojiita scvhost.exe, herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi ili kulihadaa jicho. Mwezi Mei mwaka 2000, kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kiliizunguka dunia kwa barua pepe kikijifanya barua ya mapenzi. Jina la faili yake lilionekana kuishia kwa .txt, kumbe mwisho wake wa kweli, .vbs, ulikuwa umefichwa na Windows yenyewe.

Lakini hofu nayo ni kirusi. Mwaka 2002 ulienea ujumbe uliowahimiza watu waifute faili jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, na kuwaonya rafiki zao wote. Faili hiyo ilikuwa halali, kazi ya Microsoft. Hapakuwa na kirusi chochote. Watu waliifuta faili halali kwa mikono yao wenyewe.

Basi tufanyeje? Jina peke yake si ushahidi. Yafaa kwanza kulisoma herufi kwa herufi, kisha kuuliza faili hiyo inakaa wapi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uifungue orodha ya programu, kisha ubofye jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya ili uonyeshwe makao yake. Svchost.exe ya kweli hukaa ndani ya folda ya Windows, katika System32 au SysWOW64. Ukiikuta katika flashi au miongoni mwa faili ulizopakua, hiyo ina neno. Hata hivyo usiifute kwa pupa. Ipime kwanza kwa programu ya kukinga virusi. Tena, iamuru Windows ikuonyeshe miisho kamili ya majina, ili picha.jpg.exe isikupite kwa jina la picha.jpg.

Kenya ina sheria ya mwaka 2018 inayomwadhibu anayeingilia kompyuta ya mwenzake bila idhini. Lakini fundi wetu nilimpa idhini mimi mwenyewe. Ndiyo maana naamini kuwa kinga yetu ya kwanza ni elimu. Shule na vyuo vyetu vifunze jambo hili pamoja na kupiga chapa. Nao mafundi, kabla hawajafuta chochote, wamwonyeshe mwenye mali ushahidi na kumhifadhia nakala ya kazi yake.

Hapa Dunga hakuna mama anayenunua samaki kwa kuambiwa tu kuwa ni wa leo. Hulitazama jicho, kisha akayafunua matamvua. Sioni kwa nini tuwe wepesi zaidi wa kusadiki tunapoketi mbele ya kompyuta.