Njia Ngapi, Wapigaji Wangapi?

Dada zetu wanaopokea oda za mapishi kwa simu ya intaneti, tukumbushane jambo. Simu tano mezani si mazungumzo matano kwa wakati mmoja. Kikomo cha kwanza ni idadi ya njia mlizolipia: zikiwa mbili, mpigaji wa tatu hukuta laini inatumika, naye huenda kwa mwingine. Kikomo cha pili ni intaneti yenyewe. Kila mazungumzo ya sauti isiyobanwa huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Hivyo kasi ya kupakia ya megabiti 1 hubeba kama kumi, iwapo nyumbani hakuna mwingine anayeitumia. Nasi twashauri: hesabuni wapigaji wa mkesha wa Idi, si wa siku ya kawaida, ndipo mlipie njia.