BOSI, HIYO SI NASAHA, HIYO NI FEDHEHA



Ndugu yangu mwenye duka, ofisi, karakana, au hata bodaboda mbili tu ulizowapa vijana, leo nasema na wewe. Usiruke.

Juzi baada ya Isha, Tandika, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinishika mkono. "Sheikh, vijana wa siku hizi hawaambiliki!" Akanisikilizisha ujumbe wa sauti aliouweka kwenye grupu la WhatsApp la dukani. Dakika tatu nzima anamporomoshea kijana: mzembe, mwizi, huna akili, umelelewa wapi. Kosa? Mifuko miwili ya saruji haikuandikwa kwenye daftari. Grupu lina watu 14, na mdogo wake kijana huyo yumo.

Nikamuuliza, "Uliwahi kukaa naye ukamwonesha daftari linavyojazwa?" Kimya. "Ulimwita pembeni mara ngapi?" Akaangalia viatu vyake. Kisha kwa sauti ya chini akaniambia mifuko ilipatikana. Dereva alikuwa hajaishusha! Lakini radhi hajaomba. Eti heshima yake itashuka.

SubhanaAllah. Na ya kijana je?

Usiniambie biashara si madrasa. Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume ﷺ. Ndani ya msikiti! Masahaba wakamjia juu. Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamweleza kwa upole msikiti ni mahali pa nini. Pakasafishwa, na mtu akafundishika. Wewe kwa mifuko miwili umemtukana mtu mpaka malezi ya mama yake. (Nami sijitoi. Nilishamfokea ustadhi mbele ya wanafunzi wake, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.)

Na wewe bosi mpole wa ofisi za Mwenge na Sinza, usicheke, zamu yako imefika. Mwaka mzima unaona ripoti za binti wa watu zina makosa, unatabasamu, "hamna shida". Kwenye chai ya saa nne unamsengenya kwa wenzake. Desemba unampa barua ya kuachishwa kazi. Unasema ulimwonea haya. Ule ni woga, si haya! Hata sheria ya nchi haiko nawe. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinakutaka kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni umweleze tatizo, umwelekeze, umpe muda wa kutosha ajirekebishe. Akikupeleka CMA, utawaonesha tabasamu lako?

Sasa nani anakuambia wewe ukikosea? Mtume ﷺ aliswalisha rakaa mbili badala ya nne. Abubakar na Umar walikuwepo, wakaingiwa na haiba, wakanyamaza. Aliyeuliza ni Dhul-Yadayn. Hakukemewa. Mtume akawauliza waliokuwepo, wakathibitisha, akakamilisha swala na kusujudu sijda ya kusahau, mbele ya watu wote. Kama Abubakar alinyamaza, unadhani keshia wako atasema?

Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa maafisa wa dola kule Shinyanga. Mkono wake haukumgusa mtu. Aliubeba mzigo kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Miaka 8 baadaye akawa Rais. Wewe mteja akilalamika tu, wa kwanza kumtaja ni kijana wa stoo.

Yule mzee nilimwambia haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Ulichoharibu kwenye grupu, kitengeneze kwenye grupu, kwa sauti yako ileile, mbele ya watu 14 walewale. Kijana huyo anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kukufungulia duka.

Jana usiku nimempigia. Anasema bado anafikiria.