Makumbusho ya Karen Blixen Yatimiza Miaka 40

Mwaka huu wa 2026 Makumbusho ya Karen Blixen, yaliyo mtaani Karen chini ya Milima ya Ngong, yanatimiza miaka 40 tangu yafunguliwe 1986. Tunayapongeza kwa moyo mkunjufu. Kuitunza nyumba ya mlowezi katika nchi iliyomwaga damu kuidai ardhi yake si jambo jepesi, na anayeuliza ni ya nini ana haki ya kujibiwa.

Jibu limo humo humo. Nyumba ilijengwa 1912 na Mswidi Åke Sjögren, na Karen na mumewe Bror wakahamia 1917. Vyumba vinapendeza, na mgeni aliyevutwa na filamu ya 1985 kuhusu maisha ya Karen anaweza kuridhika navyo akaondoka. Asiondoke. Atoke nje aitazame mitambo ya kahawa iliyobaki. Shamba lao lilikuwa juu mno kwa mibuni. Kiwanda kikaungua 1923, na kufikia 1931 likawa limeuzwa, Karen amerejea kwao Denmark. Kahawa ile ilipaliliwa na kuchumwa na Wakikuyu walioitwa maskwota katika nchi ya baba zao, wakidaiwa siku 180 za kazi kila mwaka ili waruhusiwe kulima na kufuga hapo. Kabla ya kuondoka, Karen aliisumbua serikali ya kikoloni hadi ikawatengea ardhi Dagoretti, wakae pamoja. Tunamheshimu kwa hilo. Lakini ni utawala gani ule, hata watu waombewe na mgeni mahali pa kuishi kwao?

Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi Kenya huru kama zawadi ya uhuru. Tangu hapo ni yetu, pamoja na jiko lake lililojengwa kando, tunalolipenda kuliko sebule. Huko ndiko alikopikia Kamante Gatura, ambaye masimulizi yake mwenyewe yalichapishwa kitabuni 1975. Naye Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba nzima, anastahili kutajwa kabla ya wawindaji waliokuja kula chakula cha jioni.

Basi ombi letu kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni hili: sherehe hizi ziwafikie watoto na wajukuu wa maskwota wale. Waalikwe kama wenyeji, na wanayoyakumbuka kutoka kwa wazee wao yarekodiwe mwaka huu huu, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, yasikilizwe ndani ya nyumba ile.